Ijumaa, Saa Moja na Nusu Usiku

Mlionizomea Rochdale, mlionizomea Fleetwood,
mlionirushia maganda ya machungwa
na kiatu kimoja cha kushoto
(bado ninacho, mwenyewe aje akichukue),
njooni.

Naitwa Desmond Ollerenshaw. Jina hilo hamlijui.
Mlinijua kwa Mchinjaji wa Bacup:
aproni yenye damu ya rangi ya mdomo ya mke wangu,
masharubu ya kubandika,
kipara changu mwenyewe.

Ukumbi ni lile kanisa la zamani la Wamethodisti,
ngazi tatu tu, na nyonga yangu ni ya chuma, kwa hiyo nitawahi.
Pauni saba. Wastaafu nne. Chai ipo.
Hakuna ulingo. Kuna kiti, glasi ya maji, na mimi.
Sitamwangusha mtu. Huenda nikaanguka mwenyewe,
ila hilo halimo kwenye bei.

Mtauliza: ile mieleka ilikuwa kweli, au mchezo?
Kila mtu huniuliza. Daktari wa meno huniuliza
mikono yake yote miwili imo kinywani mwangu.
Litazameni sikio hili, limejikunja kama andazi lililoungua.
Sikio halijui kuigiza.

Nitawasimulia habari za Alwyn Prydderch,
Malaika wenu wa Merthyr, kaptula nyeupe, nywele za dhahabu,
ambaye mama zenu waliibusu picha yake kabla ya kulala.
Miaka kumi na mmoja nilimkaba koo mbele yenu
naye akininong'oneza: "Polepole, Des, goti,"
au: "Jiko umelizima?"
au usiku mmoja, Stockport, chini ya kwapa langu:
"Mtoto kazaliwa. Wa kike."
Na bado ilinibidi kumgonga kichwa kwenye nguzo,
kwa kuwa mlikuwa mmeshalipa.
Nilimgonga kama mtu anayebisha hodi.

Gari lilikuwa moja. Hilo hamkulijua.
Petroli tulichangia, mkate wa mayai tuligawana,
lakini maili moja kabla ya kila mji
mmoja wetu alishuka, akamalizia kwa miguu.
Lila na fila hawatangamani,
ndivyo mlivyolipia, ndivyo tulivyowauzia.
Tulirusha sarafu. Sarafu ilikuwa yake.
Na mvua ya Lancashire, jamani, mimi naijua
kutoka kola hadi soksi.

Alipozikwa, Februari,
nilisimama nje ya ukuta wa makaburi.
Hakuna aliyenikataza. Ni mwili uliogoma getini;
ulishazoea ile maili moja.
Baada ya wiki, binti yake, yule wa Stockport,
akanitumia bahasha. Barua hamna. Sarafu.
Naigeuza: kichwa.
Naigeuza tena: kichwa.
Malaika!

Hiyo ndiyo hadithi ya kwanza.
Nyingine nitazikumbuka nikishakaa.

Leo asubuhi nabandika bango dirishani kwa muuza samaki,
gundi inanitiririkia mkononi,
mara mkongojo unanidunga mgongoni.
Bi Edna Haslam. Miaka themanini na tisa.
Ndiye aliyenichoma sindano ya kufumia
makalioni, mwaka wa sabini na nne,
nikiwa juu ya kamba, sina pa kukimbilia.
Amelisoma bango lote, midomo ikitembea.

"Ulimwumiza yule kijana."
"Njoo Ijumaa."
"Nije na sindano?"
"Njoo nayo. Kaa mbele."

Amenihesabia pauni nne, sarafu moja moja,
akiwa ameegemea kioo, pumzi ikikifanyia ukungu,
nami, Mungu anisamehe,
nimegeuza kila moja.